Lami inakuja, lakini chuma cha chini ya gari kimetolewa

Mwaka 2021, serikali ya Kongo na ile ya Uganda zilipatana kutengeneza barabara za urefu wa kilometa 223 mashariki mwa nchi: Kasindi–Beni, Beni–Butembo na Bunagana–Rutshuru–Goma. Kazi zilianzishwa mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Upande wa Bunagana, vita vilivuruga mipango baada ya M23 kuuteka mji huo Juni 2022. Tangu hapo, kila mara barabara zinapozungumziwa, wakaaji wanauliza mambo yaleyale: lami itafika lini, itafika wapi, na nani atailinda.

Kuna swali lingine ambalo halisikiki sana. Magari yatakayopita juu ya lami hiyo yako katika hali gani huko chini?

Swali hilo si dogo. Kwenye barabara ya matope, gari inayokwenda kilometa 20 kwa saa inaweza kukosa chombo muhimu cha usalama na abiria asijue kitu. Lami inapofika, shofere yuleyule, na gari ileile, na mzigo uleule juu ya paa, anaanza kukimbia kilometa 70 au 80 kwa saa. Hapo ndipo kile kilichotolewa garajini kinaanza kudai deni lake. Chombo kinachozungumziwa ni bari ya stabilizatere, yaani chuma kinachozuia gari kulala upande inapokata kona.

Kazi ya chuma hicho

Mtu akiinama na kutazama kati ya magurudumu mawili ya mbele ya magari mengi, ataona fimbo ya chuma iliyopindwa kama herufi U. Sehemu yake ya katikati imefungwa kwenye shasi kwa raba mbili, zile ambazo mafundi huita silenbloku. Kila mwisho wa fimbo umeunganishwa na upande wa gurudumu kwa kijiti kifupi, bieleti, ambacho mara nyingi kina rotili ndogo juu na chini. Magari mengine yana bari kama hiyo nyuma pia.

Magurudumu mawili yakipanda pamoja, kwa mfano juu ya tuta, bari inazunguka tu ndani ya raba zake na haifanyi kazi yoyote. Lakini gari ikikata kona kwenda kushoto, bodi inalala kuelekea kulia. Resori za kulia zinabanwa, zile za kushoto zinalegea. Upande mmoja wa ile U unapanda na mwingine unashuka, kwa hiyo chuma kinasokotwa. Chuma hakipendi kusokotwa. Nguvu inayotumia kukataa ndiyo inayorudisha bodi karibu na usawa wake.

Kwa maneno mengine, bari hiyo ni resori ya tatu. Haibebi mzigo kama resori za kawaida wala haipunguzi mtikisiko kama amortisa. Inaingia kazini wakati pande mbili za gari hazikubaliani, na wakati huo ndio wa hatari zaidi.

Kwa nini inatolewa

Si bari yenyewe inayokufa kwanza. Vinavyotangulia kuchoka ni bieleti na raba. Katika barabara za mawe za Kivu na Ituri, rotili ya bieleti inapigwa kila dakika. Kifuniko chake cha mpira kikipasuka, matope na mchanga vinaingia, mafuta yanakauka, na nafasi inafunguka ndani. Ndipo inaanza sauti ambayo kila shofere anaijua: ko-ko-ko, hasa gari inapokwenda polepole juu ya vijiwe vidogo.

Mwenye gari akifika garajini analalamikia kelele. Fundi ana njia tatu: kufunga bieleti mpya, kufunga ya okazi, au kutoa bieleti pamoja na bari yote. Njia ya tatu haidai piesi yoyote, na kelele inakwisha siku ileile. Shofere anaondoka akiwa na furaha, kwani anadaiwa pesa ya kila siku na mwenye gari, na siku ya garajini ni siku isiyoingiza kitu.

Lazima pia kusema ukweli upande wa mafundi: katika barabara mbovu sana, gari bila bari inaweza kuonekana laini zaidi. Sababu iko wazi. Bari inaunganisha magurudumu mawili, kwa hiyo moja likianguka shimoni linavuta lingine. Bari ikiondoka, kila gurudumu linafuata ardhi kivyake. Hata viwanda vikubwa vinajua hivyo. Nissan Patrol aina ya Y61 ilitolewa na kifaa cha kumruhusu shofere kuachanisha bari ya nyuma. Jeep Wrangler Rubicon inaachanisha ile ya mbele kwa kubonyeza kitufe. Toyota iliweka kwenye baadhi ya Land Cruiser mfumo wa KDSS, ambao unalegeza bari zenyewe kwenye ardhi mbovu na kuzikaza kwenye kona.

Lakini tazama tofauti. Katika magari hayo yote, bari inabaki mahali pake na inarudi kazini mwendo unapoongezeka. Kwenye Wrangler, ikipita mwendo mdogo tu, mfumo unaiunganisha tena bila kumngoja shofere. Bari iliyotolewa kwa spana na kutupwa kwenye rundo la vyuma chakavu haitarudi yenyewe siku lami itakapofika.

Hesabu ya kona

Ili kuelewa kwa nini lami inabadilisha jambo hili, inatosha hesabu fupi. Nguvu inayosukuma gari nje ya kona haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne.

Tuchukue kona ambayo nusu kipenyo chake ni meta 60, kona ya kawaida katika nchi ya milima. Kwa kilometa 40 kwa saa, nguvu ya kusukuma gari pembeni ni kama asilimia 21 ya uzito wake. Kwa kilometa 60, ni asilimia 47. Kwa kilometa 80, inafika asilimia 84. Kona ni ileile, gari ni ileile; kilichobadilika ni sindano ya mwendo.

Sasa upande wa gari. Tangu 2001, idara ya usalama wa barabara ya Marekani, NHTSA, inapima hatari ya magari kupinduka kwa kutumia hesabu moja rahisi: nusu ya upana kati ya magurudumu mawili, igawanywe kwa kimo cha kitovu cha uzito. Gari yenye upana wa meta 1.5 kati ya magurudumu, na kitovu cha uzito kwenye sentimeta 70 kutoka chini, inapata 1.07. Maana yake ni kwamba pineu zitateleza kabla gari haijapinduka, kwani kwenye lami pineu kwa kawaida hazishiki zaidi ya uzito wa gari. Kuteleza ni kubaya, lakini kupinduka ni kubaya zaidi.

Pandisha magunia, mitungi, godoro na mabidoni juu ya paa hadi kitovu cha uzito kifike sentimeta 90. Hesabu inashuka hadi 0.83. Ile kona ya meta 60 kwa kilometa 80 ilihitaji 0.84. Gari hiyo imeshapita mpaka. Na hesabu hiyo ni ya gari isiyolala hata kidogo. Gari halisi inalala, uzito unahamia upande wa nje, na mpaka unafika mapema zaidi. Gari isiyo na bari inalala zaidi, na inafanya hivyo kwa ghafla, hasa shofere anapokwepa motari au shimo kisha kurudisha usukani upande wa pili.

Hatari ya kukwepa namna hiyo ilionekana wazi Ulaya. Oktoba 1997, gazeti la magari la Sweden, Teknikens Värld, lilijaribu Mercedes A-Class mpya katika zoezi la kukwepa kizuizi barabarani. Gari ilipinduka. Kiwanda kilisimamisha mauzo, kikabadilisha mfumo wa kubeba gari, kikaongeza chombo cha elektroniki cha kuzuia gari kupotea njia. Gazeti hilohilo liliikosoa Toyota Hilux katika zoezi la namna hiyo mwaka 2007 na tena 2016, na Hilux ni gari inayojulikana katika kila kijiji cha Kivu. Hayo yalikuwa magari mapya, kwenye lami kavu, yakiendeshwa na watu wenye ujuzi. Gari ya miaka 20 iliyotolewa bari ina nafasi ndogo zaidi ya kusamehewa.

Bari nene si dawa ya kila kitu

Kuna wenye magari wanaokwenda upande wa pili. Wanaona jeep yao inalala, wanatafuta bari nene kuliko ile ya kiwandani. Wazo hilo si baya, ila linahitaji hesabu.

Ugumu wa bari unafuata unene wake kwa kasi kubwa: unene ukiongezeka kidogo, ugumu unaongezeka sana, kwani unapanda kwa nguvu ya nne. Bari ya milimeta 25 badala ya 22 inaonekana ndogo tofauti yake, milimeta tatu tu. Lakini ugumu wake unapanda kwa karibu asilimia 67. Ndiyo sababu fundi mwenye busara hapandi hatua mbili kwa mara moja. Kuna pia bari zenye tundu ndani. Bari ya milimeta 25 yenye tundu la milimeta 17 inabaki na karibu asilimia 79 ya ugumu wa ile iliyojaa, huku uzito wake ukiwa kama asilimia 54 tu.

Bari nyingine za kununua zina matundu mawili au matatu kila mwisho. Bieleti ikifungwa kwenye tundu la karibu na katikati, mkono wa bari unakuwa mfupi na bari inakuwa ngumu. Ikifungwa kwenye tundu la mwisho, inalegea. Pande mbili lazima zifungwe kwenye matundu yanayolingana.

Jambo la pili ni mbele na nyuma. Bari nene ya mbele peke yake inafanya gari isite kugeuka: usukani unakatwa, lakini pua ya gari inaendelea moja kwa moja. Bari nene ya nyuma peke yake inafanya mkia utoke nje ya kona, na kwenye barabara ya utelezi gari inaweza kugeuka na kutazama ilikotoka. Kwa gari ya abiria, kosa la pili ni gumu zaidi kulirekebisha.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Bari inapunguza kulala kwa bodi. Haishushi mzigo. Gari yenye magunia juu ya paa na bari nene chini bado ina kitovu cha uzito kilekile cha sentimeta 90, na mpaka wake wa kupinduka unasogea kidogo sana. Kinachoondoka ni onyo. Zamani shofere alihisi gari inalala, akapunguza mwendo kwa woga. Sasa anahisi gari imesimama imara, anaongeza mwendo, na anafika mpakani bila kuambiwa. Bari nene iliyofungwa ili kubeba mzigo mwingi zaidi juu inaongeza hatari badala ya kuipunguza.

Tena, bari ngumu inatafuta mahali pa kupeleka nguvu yake. Mengi ya magari yanayoingia Kasindi kutoka Japani kwa njia ya Mombasa, au Kasumbalesa kwa njia ya Dar es Salaam, yamekwisha kutembea miaka mingi. Yale yaliyotumika katika sehemu za theluji, ambako barabara zinamwagiwa chumvi, mara nyingine yana kutu chini. Ukifunga bari nene kwenye vishikio vilivyoliwa na kutu, haitakuwa bari itakayokatika, bali kishikio.

Matunzo yanayowezekana hapa

Kwa hiyo, kwa gari nyingi za mashariki mwa Kongo, hatua ya kwanza ni kuirudishia gari bari yake ya kiwandani, ikiwa na bieleti na raba nzima. Bari nene inafuata baadaye, kwa jeep inayobeba mzigo mzito kila siku, na baada ya amortisa na pineu kuwa sawa. Amortisa zilizokufa haziponywi na bari.

Ukaguzi hauhitaji mashine. Gari isimame kwenye shimo la garaji au kwenye ngazi, magurudumu yote yakiwa yamekanyaga. Fundi ashike kila bieleti na kuitikisa kwa nguvu. Ikicheza au kugonga, imekwisha. Atazame vifuniko vya mpira vya rotili: kilichopasuka leo kitaleta kelele kesho. Kisha atie chuma kati ya bari na shasi, asukume taratibu. Raba ikionyesha nafasi au imepasuka, ibadilishwe. Mwisho, asafishe matope na kutazama mahali bari inapopindwa na kwenye matundu yake, kama kuna ufa.

Wakati wa kufunga, bieleti zibadilishwe mbili pamoja. Gari isiinuliwe upande mmoja tu, kwani gurudumu moja likining'inia bari inasokotwa, na inaweza kumpiga fundi anapofungua nati. Nati za raba zikazwe kabisa gari ikiwa imekaa juu ya magurudumu yake, siyo ikiwa hewani. Nati yenye plastiki ndani isirudiwe mara ya pili. Baada ya safari ya kwanza, zote zikaguliwe tena.

Raba ya kawaida haitaki mafuta ya injini wala grisi nyeusi, vinaiozesha. Raba ngumu za poliuretani, ambazo mara nyingi zinauzwa pamoja na bari nene, zinahitaji grisi ya silikoni. Zikikauka zinalia kama mlango wa zamani, na mwenye gari anaanza tena kutafuta fundi wa kuzitoa.

Kwa jeep zilizoinuliwa kwa resori ndefu, bieleti ndefu zinahitajika pia. Bila hivyo, bari inakaa kwa pembe mbaya na inaweza kugusa ekseli au mpira wa breki.

Nani atazame chini ya gari?

Kanuni ya barabara ya Kongo, sheria namba 78-022, ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Kontroli tekniki ni mojawapo ya karatasi zinazoulizwa kwenye bariera, pamoja na asiransi na leseni. Lakini karatasi inaonyeshwa dirishani, na bari iko chini. Polisi wa rulaji akisimama kando ya mlango anaweza kuona taa iliyokufa, kioo kilichopasuka na abiria waliobanana. Hawezi kuona bieleti iliyoondolewa. Kazi hiyo ni ya mahali pa kontroli tekniki, na huko inahitaji shimo, taa na fundi wa kuinama, siyo muhuri peke yake.

Shofere naye hawezi kubebeshwa lawama zote. Hachagui piesi, anapeleka gari ambayo si yake, kwa hesabu ambayo si yake. Ikipinduka, yeye ndiye anayefungwa kwanza, kama hajafa. Mwenye gari anayesema "toa tu, kelele iishe" hayumo ndani ya gari siku ile. Abiria aliyelipa nauli hakuulizwa kitu.

Hapo vyama vya mashofere kama ACCO vina nafasi. Chama kinaweza kukataa gari isiyo na bari kupakia kwenye parking yake, kama kinavyoweza kukataa gari isiyo na breki. Kinaweza pia kudai kwamba siku ya kubadilisha bieleti isihesabiwe kama deni la shofere. Upande wa serikali, watumiaji wa barabara wanachangia pesa za FONER, mfuko wa matunzo ya barabara ulioundwa 2008. Mfuko huo unatazama barabara. Matunzo ya magari yenyewe yameachwa kati ya fundi na mfuko wa mwenye gari.

Barabara nzuri inastahili kushangiliwa. Mgonjwa atafika hospitalini mapema, mboga hazitaoza njiani, nauli inaweza kushuka. Lakini kona za milima kati ya Beni na Butembo, kama zile za Ngomo kati ya Bukavu na Kamanyola, hazinyooki kwa sababu zimewekwa lami. Miaka mingi, mashimo yaliwalazimisha watu kwenda polepole, na upole huo ulificha makosa mengi ya garajini. Mashimo yakizibwa, makosa hayo yatabaki wazi. Bieleti mbili na raba mbili ni gharama ndogo kwa mwenye gari kulipa kabla lami haijafika mlangoni pake, na shofere anayepakia kwenda Kasindi ana haki ya kuzidai.